Haki ya Mraibu Iko Kwenye Sheria, Dawa Yake Iwekwe Kwenye Bima

Tarehe 21 Juni 2022 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili. Katika kurasa za mwanzo, pale maneno yanapopewa maana yake, sheria hiyo ilifanya jambo kubwa bila kelele. Ilisema kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili ni pamoja na yule ambaye mtaalamu amethibitisha kuwa ana tatizo la matumizi ya pombe au dawa za kulevya. Kisha ikampa mtu huyo haki ya kupata bima ya matibabu, iwe ya umma au ya kampuni binafsi, na ikamkataza mtoa bima kumbagua. Hilo halikuwa geni kabisa. Sheria ya awali, ya mwaka 1989, ilikuwa tayari imezipiga marufuku kampuni za bima kuandika mikataba inayowatenga wagonjwa wa akili.

Kwa hiyo, kwenye karatasi, mraibu wa Kenya ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na bima yake haina ruhusa ya kumgeuzia kisogo.

Sasa tazama miji miwili ya Kaunti ya Kajiado. Kitengela iko ubavuni mwa Nairobi, imejaa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, walimu, makarani na madereva wanaopanda matatu kabla ya jua kuchomoza. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi wake 154,436. Kimana iko pembe nyingine ya kaunti, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwenye barabara ya Emali kwenda Loitokitok: mji wa vitunguu na nyanya za umwagiliaji, na wa soko la mifugo la Jumanne. Kote kuwili wapo watu walionaswa na pombe, bangi, vidonge au unga, yaani heroini. Kote kuwili, familia ikiuliza kama bima itamlipia mtu wao dawa ya kumtoa huko, hujibiwa kwa kubabaisha. Lakini kinachomzuia mtu wa Kitengela sicho kinachomzuia mtu wa Kimana, na sheria isiyolijua hilo itamsaidia mmoja na kumwacha mwingine.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba Kenya imeshaandika haki. Haijamaliza kuandika malipo: dawa gani, kutoka mfuko upi, katika kituo cha ngazi gani, kwa siku ngapi, na nani atashtakiwa akikataa. Kazi hiyo iliyobaki ni ya kisheria, na inaweza kufanywa.

Dawa zinazozungumziwa

Watu wengi wakisikia matibabu ya uraibu hufikiria nyumba ya kurekebisha tabia: kitanda, ushauri nasaha, sala na siku 90 mbali na marafiki. Mambo hayo yana nafasi yake. Lakini kwa zaidi ya nusu karne sasa tiba ya uraibu imekuwa pia na dawa, na kwa uraibu wa heroini dawa ndiyo nguzo.

Methadoni hushika vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini hushika, ila hufanya hivyo polepole na kwa muda mrefu. Dozi moja hutosha siku nzima. Ikishapimwa sawasawa, mgonjwa halewi, na arosto humwacha: yale maumivu ya mifupa, kuharisha, jasho na wasiwasi yanayomsukuma mtu kuiba simu ya mamake. Buprenofini ni kidonge cha kuweka chini ya ulimi, na hatari yake ya kuzidisha dozi ni ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kliniki ya methadoni haina makuu. Mgonjwa hufika dirishani asubuhi. Mhudumu huhakiki jina na namba yake, kisha humimina kwenye kikombe kidogo sharubati iliyopimwa kwa miligramu. Mgonjwa huinywa papo hapo, hushushia maji, huongea maneno mawili matatu ili ionekane kwamba amemeza, halafu huenda zake kazini. Kesho hurudi, na kesho kutwa, pengine kwa miaka.

Faida yake imepimwa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017, uliojumlisha tafiti za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba vifo miongoni mwa waraibu wa heroini walio nje ya tiba ya methadoni vilikuwa zaidi ya mara tatu ya vifo vya walio ndani yake. Dawa chache duniani zina ushahidi wa namna hiyo.

Kwa Kajiado, hata hivyo, tatizo la kwanza ni pombe, kama ilivyo kwa nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya milioni 4.7 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia angalau kilevi kimoja, tumbaku ikiwemo. Milioni 3.2 kati yao walikunywa pombe, na zaidi ya milioni 1.3 walikuwa wamefikia hatua ya ugonjwa. Kwa hao pia dawa zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliongeza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mahsusi kwa tatizo la pombe. Na kabla ya hizo kuna dawa rahisi zaidi. Mnywaji wa miaka mingi akiacha ghafla bila usimamizi anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa. Daizepamu na vitamini B1, dawa za bei nafuu kabisa, humvusha mtu siku hizo chache za hatari. Mzee anayefungiwa chumbani na wanawe "mpaka pombe imtoke" anahitaji dawa hizo kuliko kufuli.

Kitengela: bima ipo, dawa imetengwa

Mfanyakazi wa mshahara wa Kitengela hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake kila mwezi kwa ajili ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 na kuchukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya wa taifa. Mwajiri mkubwa humwongezea bima ya kampuni binafsi. Kwa hiyo kadi anazo, pengine mbili.

Fungua kijitabu cha bima binafsi hadi ukurasa wa mambo yasiyolipiwa. Utakuta orodha iliyozoeleka: vita na ghasia, upasuaji wa urembo, kujiumiza kwa makusudi, na mara nyingi, katika mstari huohuo au unaofuata, ulevi na matumizi ya dawa za kulevya. Mstari huo umekaa kwenye mikataba ya bima kwa miaka mingi. Umekaa kwa sababu mteja hausomi, mwajiri hauulizi, na familia yenye mraibu huona aibu kwenda mahakamani na kulitangaza jina lake. Daktari naye, akijua hivyo, huandika kwenye fomu "vidonda vya tumbo" au "mfadhaiko" ili mgonjwa wake alipiwe. Mgonjwa hulazwa kwa ugonjwa mmoja na kuruhusiwa kwenda nyumbani bila kutibiwa ule uliomleta.

Hata pale bima inapokubali kulipia uraibu, hulipia kwa namna iliyozoea: kitanda. Bima ina hesabu ya siku za kulazwa, na ina idadi ya mahudhurio kwa mwaka. Tiba ya methadoni haikai katika hesabu hiyo. Ni mahudhurio 365 kwa mwaka, kila moja la dakika chache, bila kitanda. Mfumo unaoweka kikomo cha mahudhurio kumi au ishirini humwambia mgonjwa huyu kwamba ifikapo Februari ugonjwa wake umekwisha.

Kulipia kitanda na kuacha dawa kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu aliyekaa siku 90 bila heroini mwili wake umesahau kuistahimili. Akitoka bila dawa ya kumshikilia, akarudi kwenye kiasi alichokuwa akitumia zamani, dozi ile ya kawaida humuua. Kwa hiyo bima inayolipia nyumba ya kurekebisha tabia na kukataa methadoni hutoa fedha nyingi kumfikisha mgonjwa kwenye siku ya hatari kuliko zote, kisha ikamwacha hapo. Familia nazo, zikikosa msaada wa bima, huuza shamba au ng'ombe kulipia nyumba hizo za binafsi zinazotoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, na baadhi hulipa mara tatu au nne kwa mtoto yuleyule.

Kimana: sheria haina pa kushika

Kwa Kimana mambo ni tofauti. Kibarua anayevuna nyanya kwa malipo ya siku hana mwajiri wa kumkata asilimia. Kwa wasio na mshahara, sheria iliweka mchango unaokadiriwa kwa hali ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na ukatakiwa kulipwa wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 mkononi kwa siku moja ni jambo zito kwa nyumba inayokula kwa kibarua cha siku. Serikali iliona hivyo, na mwaka 2025 ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole ili watu wakopeshwe mchango na kulipa kidogo kidogo. Kufikia katikati ya mwaka huo waliosajiliwa nchini walikuwa wamepita milioni 20, lakini waliokuwa wakichangia nje ya ajira rasmi walikuwa sehemu ndogo tu ya hao.

Sasa mweke mraibu katika hesabu hiyo. Mara nyingi ni kijana aliyeshapita umri wa kuwa tegemezi kwenye kadi ya wazazi. Hana kazi ya kudumu. Kitambulisho amekipoteza au amekiweka rehani kwa chang'aa, na bila kitambulisho usajili haufanyiki. Katika ukanda wa mpaka wa Loitokitok, wapo pia ambao kupata kitambulisho chenyewe kumekuwa safari ndefu. Ugonjwa unaotakiwa kulipiwa ndio huohuo unaomzuia mtu kulipa. Bima inayodai mchango kwanza ndipo dawa ifuate haitamfikia kamwe mgonjwa wa aina hii.

Halafu kuna umbali. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Zilizofuata zilienda kule heroini ilikokuwa imekita mizizi: Malindi, Mombasa, Kwale, Lamu, Ngara jijini Nairobi, Kisumu, na Karuri huko Kiambu. Mtu wa Kitengela akitegemea dirisha la Nairobi hupanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi, kila siku ya Mungu. Mtu wa Kimana yuko kilomita 200 na ushei kutoka Mathari. Kwake yeye hata bima ikilipia dozi yote, nauli na malazi ya Nairobi huifanya tiba isiwezekane.

Ndiyo maana nasema ukuta wa Kimana hauondolewi kwa kuipigia kelele kampuni ya bima. Huondolewa kwa kuleta dawa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na kwa kuchagua mfuko usiomdai mgonjwa mchango.

Ilikuwaje dawa ikabaki nje ya bima

Ili kuelewa kwa nini methadoni haikujengewa njia ndani ya bima, ni lazima kukumbuka ilivyoingia Afrika Mashariki. Haikuja kama dawa ya afya ya akili. Ilikuja kama dawa ya kuzuia UKIMWI. Tafiti zilipoonyesha kwamba karibu asilimia 18 ya Wakenya wanaojidunga sindano wana virusi vya UKIMWI, kiwango kilichopita mara tatu kile cha watu wazima wote, wafadhili walikubali kutoa fedha za kliniki. Tanzania ilitangulia: Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Kidongo Chekundu huko Zanzibar mwaka 2015. Mauritius ilikuwa imeanza tangu 2006.

Ufadhili huo uliokoa maisha, na wanaouendesha wanastahili shukrani. Lakini uliacha pengo katika sheria. Kwa kuwa dawa ilikuwa ya bure na mishahara ya wahudumu ilitoka nje, hakuna aliyelazimika kuuliza bei yake katika bima ya taifa. Mifuko ilipopangwa upya na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, tiba hii ilikuwa bado imesimama kwenye miguu ya wafadhili. Tena ufadhili ulifuata sindano. Mlevi wa Kimana asiyejidunga hakuwa kwenye ramani yao hata siku moja.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Miradi ya UKIMWI katika nchi zetu ikayumba, na huduma zilizojengwa juu yake, kliniki za methadoni zikiwemo, zikaingia mashakani. Mgonjwa wa methadoni hawezi kungoja siku 90. Akikosa dozi siku mbili arosto inamrudia, na muuza unga bado yupo mtaani na kazi yake haijasimama. Tukio lile lilionyesha wazi kwamba tiba ya raia wetu haiwezi kutegemea saini ya rais wa nchi nyingine.

Wengine walivyoandika sheria zao

Marekani hiyohiyo ina somo la kisheria linalotuhusu moja kwa moja. Mwaka 2008 bunge lao la taifa lilipitisha sheria ya kuzitaka bima zinazolipia afya ya akili na uraibu zifanye hivyo kwa masharti yasiyo magumu kuliko ya magonjwa mengine. Ilikuwa sheria ya haki ya jumla, kama ya kwetu ya 2022. Kampuni za bima hazikuivunja waziwazi. Zilitumia idhini ya awali: daktari akiandika buprenofini, mgonjwa asubiri kwanza kampuni ichunguze na kukubali. Kwa mtu aliyefika hospitalini akitetemeka kwa arosto, kusubiri siku tatu ni sawa na kunyimwa.

Majimbo yakalazimika kuingilia kati, na yakaandika kwa undani. Februari 2017 gavana wa New Jersey, Chris Christie, alitia sahihi sheria iliyozitaka bima zinazosimamiwa na jimbo kulipia hadi siku 180 za tiba ya uraibu kwa mwaka bila idhini ya awali, daktari akiwa ndiye mwamuzi. Mwaka huohuo Maryland ikapiga marufuku idhini ya awali kwa dawa za uraibu wa afyuni, kundi la heroini, ikazitaja kwa majina. New York ikafuata mwaka 2019. Hata bima ya taifa ya wazee wa Marekani ilianza kulipia kliniki za methadoni mwaka 2020 tu, baada ya sheria ya 2018 kuielekeza hivyo. Haki ya jumla ilipata nguvu pale ilipotaja dawa, ikataja siku, ikataja kisichoruhusiwa.

Tanzania imefuata njia nyingine. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kliniki zimesambaa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga, Bagamoyo na Arusha. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba mgonjwa haulizwi kadi. Udhaifu wake ni uleule wa kwetu, kwamba sehemu ya gharama imebebwa na wahisani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania nayo ni ya 2023, kwa hiyo nchi zote mbili ziko kwenye hatua moja, na kila moja inaweza kujifunza kwa mwenzake.

Kenya haina majimbo ya mtindo wa Marekani. Usimamizi wa bima ni kazi ya taifa, na Bunge la Kaunti ya Kajiado haliwezi kuiamuru kampuni ya bima. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya, leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Marekebisho ya 2022 nayo yamezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili na kuzitengea fedha. Yaani sehemu moja ya ukuta iko chini ya kalamu ya Nairobi, na nyingine iko chini ya kalamu ya wawakilishi wa wadi walioko mjini Kajiado.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Wapo wanaosema methadoni ni kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine. Ni kweli kwamba mwili huizoea, na kuiacha kunahitaji kupunguziwa dozi taratibu. Lakini uraibu haupimwi kwa dawa kuwamo mwilini peke yake. Unapimwa kwa maisha yanayoharibika. Mtu anayekunywa dozi yake asubuhi, akaenda kazini, akalipa karo ya watoto na kulala bila kuiba hawezi kuwekwa fungu moja na aliyelala kwenye mtaro na sindano mkononi.

Wengine wanasema ulevi ni kujitakia, kwa nini mchango wa mama mboga umlipie? Bima ya afya haijawahi kuuliza swali hilo kwa dereva aliyepata ajali kwa mwendo wa kasi, wala kwa mgonjwa wa mapafu aliyevuta sigara miaka thelathini. Imemuuliza mraibu peke yake. Na mama mboga huyo ndiye mara nyingi mamake mraibu. Tayari anamlipia, kwa sufuria zilizouzwa na usiku aliokesha.

Hofu ya dawa kuvuja na kuuzwa mitaani ni ya haki. Methadoni ikinywewa na mtu asiyeizoea inaweza kuua, hasa mtoto. Jibu lake ni usimamizi: ghala lenye kufuli na daftari, dozi mbele ya mhudumu, na dozi ya kubeba nyumbani kwa waliothibitika tu. Kliniki za Nairobi na Pwani zimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuhusu gharama, dawa yenyewe ni miongoni mwa zilizo rahisi. Kinachogharimu ni wahudumu na mahali. Upande wa pili wa daftari kuna magereza yaliyojaa wizi mdogo mdogo, vidonge vya UKIMWI vya maisha yote, majeruhi wa ajali za boda boda, na mikono ya vijana isiyofanya kazi. Gharama hiyo tunailipa sasa, ila haijaandikwa mahali pamoja.

Yanayotakiwa kuandikwa

Kwanza, jedwali la mafao na bei za SHA litaje dawa za uraibu kwa majina: methadoni, buprenofini, naltreksoni, na dawa za kumvusha mnywaji anayeacha. Jedwali hutangazwa na Waziri wa Afya baada ya ushauri wa jopo la mafao na bei, kwa hiyo hatua hii haingoji muswada mpya. Malipo yahesabiwe kwa mwezi wa tiba kwa kila mgonjwa, badala ya kitanda au idadi ya mahudhurio. Idhini ya awali ipigwe marufuku kwa dawa hizi, kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili.

Pili, mfuko uchaguliwe vizuri. Sheria ya 2023 iliunda mifuko mitatu. Ule wa bima humdai mtu mchango. Ule wa afya ya msingi hugharamiwa na kodi, na humhudumia kila aliyesajiliwa katika zahanati na vituo vya afya bila kuuliza kama amechangia. Ule wa dharura na magonjwa sugu husaidia pale bima inapokwisha. Tiba ya uraibu ianzie kwenye mfuko wa afya ya msingi. Hapo ndipo kibarua wa Kimana atakapoingia bila kutoa shilingi 3,600, na hapo ndipo kituo cha afya cha Kimana kitakapokuwa na sababu ya kuweka dawa hizo rafuni. Mgonjwa asiye na kitambulisho aanzishiwe dawa leo, na usajili wake ufuatiliwe akiwa tayari ndani ya tiba.

Tatu, Mamlaka ya Kusimamia Bima isiidhinishe tena mkataba wowote wenye mstari unaotenga ulevi na dawa za kulevya, na iliyopo irekebishwe. Mkataba unaopingana na sheria ya nchi haukupaswa kupita mezani hata mara ya kwanza.

Nne, Bunge la Kaunti ya Kajiado litunge sheria inayotenga sehemu maalumu ya ada za leseni za vileo kwa ajili ya tiba. Kila baa ya Kitengela, Rongai, Namanga na Kimana hulipia leseni. Fedha hizo zikiingia kapu la jumla hupotelea humo. Zikitengwa, zinaweza kuajiri maafisa wa kliniki na wauguzi wa afya ya akili, kuwafundisha waliopo, na kufungua dirisha la methadoni Kitengela na jingine Loitokitok. Sheria ya 2023 kuhusu mapato ya hospitali imeziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya, malipo ya SHA yakiwemo. Kwa hiyo dirisha likishafunguliwa na SHA ikalipa, hospitali itaweza kuliendesha. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari hupita nyumba kwa nyumba, ndio watakaomjua aliyekosa dozi na kumfuata mapema.

Tano, fedha zilipwe kwa wakati. Hospitali, hasa ndogo za mashinani, zimelalamika mara kwa mara kuhusu madai yanayocheleweshwa. Kwa magonjwa mengine ucheleweshaji ni kero. Kwa kliniki ya methadoni, ghala likikauka, wagonjwa wote hurudi mtaani wiki hiyohiyo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kubadili Katiba. Mawili ya kwanza ni kazi ya Wizara ya Afya na jopo lake, la tatu ni la msimamizi wa bima, la nne ni la wawakilishi wa wadi, na la tano ni la wanaoshika hazina. Wewe msomaji una kazi pia. Ukiwa na bima ya kazini, fungua ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na ukikuta mraibu ametengwa, mwandikie mwajiri wako na msimamizi wa bima ukitaja sheria ya 2022. Ukiwa mkazi wa Kajiado, kikao cha umma cha bajeti kitakapoitishwa katika wadi yako, nenda ukaulize fedha za leseni za pombe zimeenda wapi na dawa ya waliougua kwa pombe iko wapi. Uliza mpaka ujibiwe, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana nguvu ya kusimama na kuuliza.